Santuri Yetu Imefika, Elibariki

Rafiki yangu Eli,

Santuri imefika. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata hujanisalimia. Posta walinipigia Jumanne, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda nikiwa bado na chaki mikononi. Nilipofika nyumbani Moshono nililiweka boksi mezani, nikapika, nikala, nikaosha vyombo, ndipo nikalifungua. Jalada limetoka vizuri. Mlima Meru umepasuka kileleni kama ulivyouchora, na chombo cha angani kinapaa kutoka kwenye kasoko na moshi wake wa kijani. Jina lako liko juu: gitaa, besi na sauti. Langu liko chini yake: ngoma. Watu wawili tu. Nililipitishia kidole jina lako mara kadhaa, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Ni miezi tisa sasa tangu uondoke. Duka lako la kutengeneza redio pale Sakina limekuwa saluni. Kaka yako Joshua aligawa vitu. Mimi alinipa ile gramafoni uliyoinunua Kisongo ikiwa imekufa, ukaifufua. "Chukua wewe," alisema, "huku hakuna anayejua kuitumia." Gitaa alibaki nalo yeye. Halipigi. Amelitundika sebuleni kwake, na sikuwa na ujasiri wa kumwomba.

Sina mtu wa kuongea naye mambo yetu. Shuleni mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tano. Kanisani ni yule dada anayepigia ngoma kwaya ya vijana. Nikimwambia mtu kwamba napiga thrash metal, muziki wa magitaa mazito ya kasi, nikamweleza nyimbo za dakika kumi zinazobadili mapigo kila unapoanza kuzizoea, na hadithi ya watu wa Meru wa miaka mingi ijayo wanaojenga chombo ndani ya mlima ili waikimbie dunia iliyokauka, ananitazama kwa huruma. Kisha anauliza naolewa lini.

Wewe ulinikuta nikipiga ngoma kwenye harusi ya binamu yako. Ukasubiri nimalize, ukaja, ukasema, "Mwalimu, wewe unajizuia." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na ilikuwa kweli. Baada ya hapo kila Jumamosi mchana nilikuwa chumba cha nyuma cha duka lako, magodoro yameegemezwa ukutani, tunapiga mpaka mama fundi cherehani wa jirani anakuja kuuliza kama kuna mtu ameumia. "Bado, mama," ulimjibu. Nilicheka mpaka nikaangusha kijiti.

Inabidi niseme kuhusu ile Jumamosi ya mwisho.

Tulikuwa kwenye wimbo wa kufunga, ule wa fundi anayebaki duniani ili awafungulie wenzake milango ya kasoko. Chombo kinaondoka, yeye anabaki akiwaita kwa redio. Mimi nilitaka uishie pale, redio ikinyamaza. Wewe ukaja na kipande kipya: chombo kinarudi kumchukua. Nikakwambia hakiwezi kurudi, mafuta hayatoshi, mwenyewe umeandika hivyo kwenye wimbo wa pili. Ukasema, "Kimerudi kwa sababu mimi nimesema kimerudi." Nikakwambia hayo ni mambo ya chekechea. Nikakwambia umeogopa kumaliza hadithi yako mwenyewe.

Ulicheka kidogo, ukakohoa, ukakaa juu ya amplifaya. Nilidhani umenuna. Sikujua moyo wako umefikia wapi, Eli. Uliniambia vile vidonge ni vya presha tu, nami nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Jumatatu ukarekodi kipande chako peke yako, gitaa na sauti, bila mimi. Alhamisi Joshua akanipigia simu.

Sikuwa nimekuomba msamaha. Siku ya mazishi nilisimama kati ya migomba na kahawa ya mama yako, kwaya ikaimba, mchungaji akasema mema yako yote, na mimi nilikuwa nikilifikiria neno moja tu. Chekechea.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wale watu wa nje ulioandikiana nao walikuwa tayari kuchapa santuri, lakini wakaniandikia kwamba upande wa pili umezidi kwa dakika mbili na nusu. Ukizidisha, mifereji inayopitiwa na sindano inabanana na sauti inafifia. Ushauri wao ulikuwa kukata mwisho wa wimbo wa kufunga, sehemu ya chombo kurudi. Walisema hadithi inaweza kuisha vizuri bila hiyo. Hawakujua kwamba wanarudia maneno yangu.

Nilikaa na barua yao siku nne. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kwamba tulibishana. Niliandika jibu la kukubali. Kabla ya kulituma nikasikiliza kipande chako tena, nikiwa nimefunga mlango. Kwenye mstari wa tatu unaishiwa pumzi. Inasikika ukivuta hewa, gitaa linakutangulia, kisha unalifuata polepole mpaka unalifikia.

Nikafuta lile jibu. Nikakata ngoma zangu zinazofungua upande wa pili, zile nilizozihangaikia karibu mwaka mzima. Ndicho kitu bora nilichowahi kupiga na hakimo kwenye santuri. Iliniuma, na bado inaniuma. Ila dakika zilitosha.

Jumapili, baada ya ibada, niliifunga gramafoni kwa kitenge nikapanda nayo mpaka kwa mama yako. Unajua alivyokuwa akiuita muziki wetu: kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

"Eli," nikasema, halafu nikajirekebisha. "Nyimbo za Eli."

Alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Magitaa yalipoingia kuku wakatoka mlangoni, lakini yeye hakutikisika. Pande zote mbili, Eli. Nilikuwa nikimtazama, nikisubiri aseme basi, inatosha. Wimbo wa kufunga ulipofika mwisho na sauti yako ikabaki na gitaa moja, aliinama mbele. Ulipovuta ile pumzi alifumba macho.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Hicho chombo, kimerudi?"

"Kimerudi, mama."

"Na yule aliyebaki, walimkuta?"

Nikatafuta kwenye maneno yako. Chombo kinatua, mlango unafunguka, basi. Hukusema.

"Hakusema, mama."

Alinitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyekosea jambo dogo. "Walimkuta," akasema. "Weka tena." Akaenda jikoni kubandika chai, nami nikarudisha sindano mwanzo nikiwa siioni vizuri.

Nilipokuwa nikishuka mlima nilitoa simu nikupigie nikusimulie. Nililiona jina lako ndipo nikakumbuka. Nilisimama kando ya barabara muda mrefu, watu wakinipita na kunisalimia.

Nisamehe kwa lile neno. Ningeweza kukuomba msamaha mapema, nikachelewa.

Gramafoni nimemwachia mama. Anaogopa kuigusa, kwa hiyo nitakuwa napanda kila Jumapili kumgeuzia santuri. Hilo nakuahidi. Na mtu akiniuliza hadithi yetu inaishaje, nitamsimulia kama ulivyotaka wewe, bila kupunguza kitu.

Kwa heri, Eli. Mimi bado naona ingefaa redio inyamaze. Natamani ungekuwepo unibishie.

Anna