Fensi ya Sendofu ya Neema

Ijumaa jioni, mwezi wa saba, Ikungi. Baridi kali na upepo usio na adabu. Jicho langu la kushoto limefungwa kitambaa, mikono inanuka mafuta ya taa, na bado nina furaha mpaka nashindwa kukaa kwenye kiti.

Shajara, nisikilize vizuri. Mimi naongea, simu inaandika, halafu natengeneza kwa kidole kimoja. Shule niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga, na sijutii. Ukiona neno limekosewa, ni simu.

Kesho ni sendofu, sherehe ya kumuaga Neema, binti yangu wa mwisho. Anaolewa na Mnyiramba wa Kinampanda. Watani wetu sisi Wanyaturu hao, na watakuja basi zima, macho yote yakitafuta cha kucheka. Kitu cha kwanza watakachokiona ni fensi yangu ya minyaa, kuanzia barabarani mpaka kwenye geti. Mvua za mwaka huu ziliinyanyua ikawa kama nywele za mgonjwa.

Sasa fensi ya nani hiyo? Ya Mzee Mkasi! Ukifika stendi ya Ikungi uliza jina hilo, hata mbuzi watakuonyesha njia. Fensi ya misheni, fensi za maofisi, za nyumba za wageni barabara ya Dodoma, zote zimepita mikononi mwangu. Mimi nanyoa chini pana, juu pembamba kidogo, ili jua lifike mpaka kwenye miguu ya mti. Hawa vijana wa mashine za petroli wanaacha juu pana kama uyoga. Msimu mmoja tu, chini panakufa, panabaki mifupa, na mbuzi wa jirani wanapita wakitembea.

Ndiyo maana kwenye kikao cha kamati ya harusi niliwaka. Mwanangu Elia alisema mbele ya watu, "Baba, umri umeenda. Tumlete kijana wa mashine kutoka Singida mjini, anamaliza mara moja."

Nikasimama. Nikasema Ijumaa jua likizama fensi haijanyooka, mwiteni huyo wa mashine, na mkasi wangu mchukue. Sitagusa fensi ya mtu tena maishani.

Mwenyekiti wa kamati, Mama Salome, mwanamke asiyecheka ovyo, akaniangalia. "Tumekusikia, Mzee. Tuandike?"

"Andika, na jina la babu yangu uliweke."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona maneno yale yalikuwa makubwa. Nisiposhika mkasi mimi ni nani? Mzee wa kuota jua na kufukuza kuku kwenye alizeti. Lakini kurudi nyuma ningerudi vipi? Njia hiyo sijawahi kuijua.

Nimefanya kazi wiki nzima. Upinde wa michongoma juu ya geti nimeumaliza jana, umekaa kama nyusi za bibi harusi. Leo ulibaki ubavu wa minyaa unaotazama barabara. Kazi ya asubuhi tu kwa mtu kama mimi.

Hapa nitasema ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka usoni.

Kila mtu wa huku anaujua mnyaa. Ukiukata unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni ni moto. Kwa hiyo unasimama upepo uwe mgongoni, maziwa yaruke mbele. Hilo nimewafundisha wengi, wengine kwa kofi. Leo upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumba. Nilitakiwa kukata nikiwa ndani ya ua, mkasi ukipita juu kwenda nje.

Lakini ndani nani ataniona?

Basi nikaweka ngazi barabarani, upepo ukinipiga usoni. Watu wanapita kwenda sokoni, wanasema shikamoo Mzee, hongera Mzee. Mama Salome akapita juu ya bodaboda, akapaza sauti, "Mzee Mkasi, bado hujachoka?" Nikageuka kumjibu. Mkono ukaendelea kukata wenyewe. Ukakata tawi nene, na maziwa yakaja yote jichoni.

Sikupiga kelele. Majirani wanasema nilipiga. Waongo.

Mke wangu, Mama Elia, alinishika mkono kama mtoto akanipeleka kwenye pipa la maji. Akamwaga, akamwaga, akinisema kwa Kinyaturu maneno ambayo simu hii haiwezi kuyaandika. Moto haukupoa. Akasema huku ni kwetu, dawa ya wazee inajulikana, ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Na hapa nyumbani anayenyonyesha ni mmoja tu, mke wa Elia, mama wa mjukuu wangu Joshua.

Mkwe wangu!

Shajara, wewe hujui heshima yetu. Tangu ameingia boma hili sijawahi kukaa naye mkeka mmoja. Akinisalimia anapiga goti kwa mbali, na mimi naitika nikitazama pembeni. Nikasema hapana. Nikasema afadhali niwe kipofu.

"Kuwa basi," akasema Mama Elia. "Kesho Neema atakuaga, utamtafuta kwa kupapasa."

Hapo nikaketi kando ya pipa.

Niliogopa. Miaka yote hii sijawahi kuandika neno hilo wala kulisema.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya mlango, ya upole sana. "Baba, mimi sisogei. Nakamulia kwenye kifuniko cha chupa ya chai, mama atakuletea." Na kweli kikaja kifuniko, na Mama Elia akanidondoshea. Elia akanipakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Nesi akanisafisha tena, akasema kilichoniokoa ni yale maji mengi, jicho litapona, na nikalale. Mimi nasema kilichoniokoa ni kifuniko. Tulibishana kidogo, nikashinda, ila kitambaa akakifunga yeye.

Kulala sikulala. Nani alale na fensi imebaki nusu? Nilirudi nikahamisha ngazi, safari hii ndani, upepo mgongoni, nikainama kwa juu kukata ubavu wa nje. Na hapo nikagundua jambo baya. Jicho moja linadanganya. Juu kuna kamba niliyoivuta ya kupimia, inakusaidia. Ubavuni hakuna kamba, ni jicho tu. Naona tawi liko karibu, mkasi unakata hewa. Naona liko mbali, mkasi unazama mpaka ndani. Nikatoboa shimo la kupitisha kichwa cha mbuzi.

Elia alikuwa barabarani anatazama. Akatoa simu mfukoni. Nilijua anamtafuta nani.

Jua nalo lilikuwa linashuka kama limetumwa.

Basi yule mkwe wangu akatoka na mtoto mgongoni. Akapita mbele ya mume wake, akasimama katikati ya barabara, akaitazama fensi. Nikasikia, "Baba, samahani. Hapo kushoto kwako pamevimba kama tumbo la mlevi."

Mkwe kumwambia baba mkwe hivyo! Mama Elia alishika mdomo. Elia akasahau simu. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo nimfokee, na ningemfokea, lakini nilitazama kushoto, na kweli palikuwa pamevimba.

Nikakata.

"Kidogo tena, Baba. Hapo, basi! Sasa shuka chini, panakimbilia ndani."

Nikashuka. Nikakata. Akasema kulia, nikaenda kulia. Akasema acha, nikaacha. Mimi, ambaye mke wangu akiniambia nivae koti navua na shati! Lile shimo akaniambia nisilikate zaidi, nivute matawi ya jirani nilifunike, nifunge kwa kamba ndani. Nilitaka kubisha. Nikafunga. Halikuonekana tena. Binti huyu ana jicho, nakuambia, jicho kama langu nilipokuwa kijana, na langu lilikuwa halina mpinzani wilaya nzima.

Tulimaliza jua likiwa limebaki kipande. Nikaupangusa mkasi kwa mafuta ya taa taratibu, nikijifanya sijali. Kamati ikafika kwa miguu. Mama Salome alitembea kutoka mwanzo wa fensi mpaka getini, akafumba jicho moja akapimia, akarudi tena mpaka mwanzo. Mimi nilikuwa sipumui.

Akasema, "Mkasi baki nao, Mzee."

Nilicheza! Pale pale barabarani, na kitambaa changu jichoni, nilicheza mpaka kofia ikaanguka. Neema akatoka ndani na hina mkononi akanishangilia. Elia akaja akaniokotea kofia, akasema, "Baba, wewe hufai," lakini alikuwa anacheka, na ile simu alikuwa ameirudisha mfukoni.

Sasa nimekaa hapa, nyama inachemka, wanawake wanaimba jikoni, na jicho linapiga kama ngoma ndogo. Kupitia dirishani naiona fensi yangu, imenyooka kama imechorwa. Wanyiramba wataanza kutafuta kasoro asubuhi, watatafuta mpaka jioni.

Na wataniuliza, maana watani hawakosi kuuliza: nani kainyoosha hivi? Mdomo wangu naujua. Utasema mimi, Mzee Mkasi, nani mwingine.

Lakini mkwe wangu anaitwa Rehema. Mbele ya watu sijawahi kulitaja jina lake, hata mara moja. Kesho na kipaza sauti mkononi, wageni wote wakinitazama, nitaweza?