Bendi Mbili Zinaitwa Tulizo, na Shahidi Ni Mimi

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niitikie tu, naomba unisaidie, mimi ni bibi wa watu, kalamu sikuwahi kufundishwa kuishika, kwa hiyo nasema na mkwe wangu anaandika, na huyu mkwe ndiye aliyeyaanzisha yote lakini simlaumu, andika hivyo hivyo mwanangu, usiruke.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu, ila jioni alikuwa mtu wa gitaa, yeye na rafiki yake tunamwita Kidole, maana anapiga banjo kwa kidole kimoja kana kwamba vingine kaviazima, wakifanyia mazoezi chumbani kwetu, kitanda tunakisimamisha ukutani wapate nafasi, na mwanangu wa kwanza alikuwa mtoto wa kulia jamani, analia mpaka jirani anagonga ukuta, gitaa likianza tu kimya, ndipo nikawaambia bendi yenu iiteni Tulizo, wakacheka, wakaiita. Mwanangu huyo sasa ana kipara na juzi amemwoza binti yake.

Nikasema arusi ya mjukuu wangu haipigiwi na mwingine ila Tulizo, maana Kidole bado anaiendesha. Mkwe akapiga simu kule ukumbini ambako bendi zote za hapa hupigia, akasema tunawataka Tulizo, akaunganishwa, mambo yakaisha. Siku yenyewe nimekaa mbele, nimependeza, naona zinashushwa tarumbeta, saksafoni, ngoma kubwa kama pipa la maji. Nikamvuta mkwe, "Hawa nani?" "Tulizo, mama." "Tulizo gani? Kidole yuko wapi?" Kumbe ni Tulizo Jazz, wameanza majuzi tu, hata hawajui kama kuna Tulizo nyingine! Nikalia mshauri, nikalia mbele ya wakwe zangu wapya, we acha tu.

Basi kiongozi wao, mama mmoja mnene mpiga tarumbeta, akaja akachuchumaa mbele yangu. "Bibi, ulitaka kusikia nini?" Nikamwambia wimbo wa mume wangu. "Haya, niimbie." Nikaimba kwa sauti hii ya kukwaruza, naye ananirudisha nyuma, "Hapo bibi, rudia hapo," wageni wana njaa, wapishi wananuna, yeye hana habari. Halafu wakaupiga polepole, tarumbeta ameiziba kwa kofia isingurume, na mwanangu mwenye kipara akaketi sakafuni na suti yake. Mungu ambariki yule mama, kila nikiosha vyombo namwombea, nikikosa usingizi namwombea, mwanamke hanijui wala simjui.

Sasa Kidole kaja, chai hakuigusa. "Shemeji, wamelichukua jina letu." Mwenye ukumbi kachoshwa na malalamiko, Jumamosi anawaweka kitako wote, na atakayeshindwa anaacha jina, na wote wamekubali kwamba nitakalosema mimi ndilo hilo. Nikisema kweli namvua nguo aliyenistiri. Nikiificha namsaliti marehemu. Nikawaza, mzee kama mimi nikisema nimesahau nani atanishangaa? Mshauri, naweza kusahau?

Bibi wa Tulizo


Bibi, shikamoo, mkubwa ni wewe. Na jibu ni hapana, huwezi kusahau! Mtu anayekumbuka kitanda kilisimamishwa ukutani atamdanganya nani?

Nimefurahi nawe, nakwambia kweli. Wengi wakitendewa wema wanasema "alikuwa kazini" na wanapita. Wewe unaombea mtu huku unaosha vyombo. Lakini nani kakwambia shukrani hulipwa kwa uongo? Yule mama alikuomba umwimbie wimbo ulivyo, na ukiukosea alikurudisha nyuma. Leo umpe la kubuni?

Halafu nina ugomvi nawe kidogo. Barua yako nimeisoma yote, sijaona mahali mlipokwenda kwa Kidole kumweleza. Mzee wa watu kasikia barabarani kwamba mjukuu wa rafiki yake kaolewa, Tulizo wamepiga, yeye yuko nyumbani na banjo lake. Wewe ungekunywa chai?

Kwa hiyo kesho, msingoje keshokutwa, nenda kwake na mkwe wako, na mkwe aseme kwa mdomo wake, "Baba, tulikuwa tunakutafuta wewe." Wewe mkwe unayeandika, umenisikia. Kisha mwite mama wa tarumbeta umwambie utakachosema Jumamosi, asije akakisikia mbele za watu.

Jumamosi sema kweli kwanza: jina nililitoa mimi, chumbani kwangu, nikampa mume wangu na Kidole. Baada ya hapo omba, usiamuru: wa kwanza waitwe Tulizo ya Nyuzi, wa pili wabaki Tulizo Jazz, na mwenye ukumbi aandike hivyo kwenye matangazo, na anayepiga simu aulizwe anataka ipi. Kidole akikataa, ni haki yake, na yule mama atatafuta jina jingine. Heshima yako kwake haitapungua, wala ya kwake kwako.

Na kabla hujatoka ukumbini, mshukuru kwa sauti, Kidole akiwa hapo hapo. Akinuna mwache anune. Akimaliza, atauliza huo wimbo waliupigaje.