Mguu Mfupi Kwenye Mchoro

Dunya, Mzee Rodion, mkataji wetu wa mavazi ya jukwaani, amemchoma Taisia mshonaji mkasi. Kiganjani! Umepenya hadi mezani.

Chanzo ni suruali ya mcheza baleti tunayoitengeneza. Mchoro wa mwaka 1911 unamwonyesha akiruka, goti amelikunja, na suruali ikakatwa vivyo hivyo, mguu mmoja mfupi.

Taisia akacheka karakana nzima ikisikia. “Babu, huyu ana mguu mmoja na nusu? Nenda shamba ukapande viazi!”

Mzee akamwambia, “Nyamaza, mama.” Taisia akazidi kucheka. Basi, mkasi.

Mkasi, Dunya! Mchoro wote damu.

Mistari ya chaki aliyoifuata kukata kitambaa niliipiga mimi. Mzee alijua, hakunitaja. Polisi wakimpitisha na pingu, alinitazama akatikisa kichwa, nisiseme.

Nimenyamaza. Gari lao bado liko nje.