Usingoje Siku ya Pili

Mwanangu Lianqiao,

Habari za huko mjini? Huku Baba yako mzima, ila mgongo. Bibi mzima na mdomo wake. Kaka yako Baogen na mkewe wazima, wanakusalimu. Nguruwe naye kanona.

Mwanangu, tangu uachane na mumeo silali. Nilijua binti aliyekwisha kuolewa hali chakula cha mkesha wa mwaka mpya kwao, asije akamletea kaka yake mkosi. Huja siku ya pili ya mwaka. Sasa wewe mkesha ungekula na nani?

Basi jana mezani Bibi kauliza hilohilo. Baba yako akasema, "Mama, mila hairuhusu."

Bibi akamjibu, "Mimi tangu niolewe sikula mkesha kwetu, na kaka zangu wakafilisika vilevile. Wazee wa makaburini wakikasirika, waje kwangu. Si tunakutana karibuni?"

Baogen alicheka hadi akapaliwa. "Dada aje," akasema, "mkosi nitaula na nyama."

Baba yako akatoka nje, nikamwona anaanika blanketi lako.

Mwanangu, njoo mkesha wenyewe. Nijibu upesi, hata neno moja, maana baba yako hataki kuuliza, na kila basi likipita anachungulia.

Mama yako