Nimepokea Shikamoo Zisizo Zangu

Mpendwa Mshauri Mama Flora, shikamoo. Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba samahani kwa kuchelewa, maana barua hii niliianza mwezi wa nne na sasa tuko mwezi wa saba, kila nikikaa kuandika mtoto anaamka, au mteja anaita, au mimi mwenyewe nasinzia na kalamu mkononi, na leo nimejibana nimalize kwa sababu siku zimebaki chache na mambo yameiva.

Nina miaka ishirini na minne, watoto wawili, nakaa Sekenke huku Iramba, karibu na kona ambako barabara kuu inashuka mlima. Nauza mafuta ya alizeti pembeni ya barabara, na mume wangu Melkizedeki ni mchimbaji mdogo. Jenipher ana miaka mitano, hana shida. Shida ni Hana, ana miezi kumi, anaota meno, mchana halali, lakini nikimbeba mgongoni nikasogea naye mpaka kwenye kona, basi likashuka kwa gia nzito linaunguruma, ananyamaza kabisa kama kamwagiwa maji. Ndiyo nikawa nashinda pale, na ukishinda kwenye kona unayajua mabasi utake usitake, lipi limebadilishwa taa, lipi limepakwa rangi upya kuficha lilipokwaruzwa.

Simu ninayotumia ni ya marehemu babu yangu, Mzee Zefania, aliyefariki mwaka juzi. Ujanani babu alikuwa utingo, enzi lami haijafika huku, na kazi yake pale mlimani ilikuwa kutembea nyuma ya basi amebeba gogo, basi likishindwa kupanda analitupia gogo nyuma ya tairi lisirudi. Alipenda mabasi mpaka mwisho. Mtu alimwunga kwenye kundi la wasapu la wapenzi wa mabasi, watu kama mia mbili, wa Dodoma, Manyoni, Singida mjini, wanatumiana picha za mabasi na kubishana kutwa nzima. Babu hakuandika humo hata neno moja, macho yalikuwa yamechoka, mimi ndiye nilikuwa namwonyesha picha na kumsomea ubishi. Alipofariki simu ikabaki kwangu, jina na picha vikabaki vyake.

Siku moja nikapiga picha ya basi kwenye kona nikaituma. Wakafurahi sana, maana hakuna mwanakundi mwingine anayekaa mlimani. Nikaendelea, mara picha, mara video fupi ya basi linaunguruma, baadaye nikawa natuma na hadithi za babu, mwanzoni nikiandika vizuri kabisa, "babu alikuwa anasema." Sasa siku moja Hana alikuwa ananing'ata bega, nikafupisha, nikaandika, "Tulikuwa tunashusha abiria wote, tunatembea na gogo nyuma mpaka juu." Mzee Anselm wa Manyoni, dereva mstaafu wa miaka sitini na nane, ambaye akisema kitu kundi zima linanyamaza, akajibu, "Shikamoo Mzee Zefania. Kumbe tuna mkubwa humu na sisi tunapiga kelele tu."

Mama Flora, pale pale nilipaswa kusema. Nikaandika, "Marahaba."

Tangu hapo kila asubuhi ni shikamoo mzee, shikamoo babu, watu wanaoweza kunizaa, na mimi naitikia huku nakoroga uji. Kwetu ukimpita mtu mzima bila kumwamkia unarudishwa kutoka hata kilometa moja, sasa mimi nimekaa upande wa kuamkiwa. Melkizedeki ananitania, "Mzee Zefania, shikamoo, leo tunakula nini?" Nacheka, lakini moyoni naumia.

Mwezi uliopita ndiyo yakaanza kupita mabasi mapya ya mjini, yanapelekwa kanda ya ziwa. Si haya ya safari ndefu, ni yale mapana yaliyokaa chini, milango miwili ubavuni, viti bado vimefunikwa nailoni, ndani dereva peke yake. La kwanza nililipiga picha mimi, saa tisa na robo alasiri. Kundi likawaka. Mmoja akasema, "Hilo ni ukumbi wa harusi, wamelitia magurudumu." Mwingine, "Mlima Sekenke litakwangua tumbo." Mzee Anselm akasema, "Aliyeko mlimani ndiye aseme. Mzee, limekwangua?" Nikajibu, "Halijakwangua." Mjadala ukafungwa. Mama Flora, kutwa nzima mimi naitwa niogeshe, nipike, nibembeleze, lakini pale naulizwa basi limepita saa ngapi na jibu langu linaaminiwa.

Kundi lina desturi yake. Basi la aina mpya halina jina mpaka lipigwe picha likiwa linatembea barabarani, na aliyelipiga wa kwanza ndiye analibatiza. Hili nililipiga mimi, kwa hiyo wanamsubiri Mzee Zefania alipe jina. Jumamosi hii yanapita mabasi kumi ya aina hiyo kwa pamoja, na watu kama thelathini wanakuja Sekenke na kamera, wamenunua na kiti cha heshima, waje wamkalishe Mzee Zefania abatize.

Melkizedeki anasema dawa ipo. Amemleta mjomba wake Naftali kutoka Sepuka, amemvisha koti la babu, na anamfundisha. Jana nilikuwa nasikiliza.

"Mjomba, basi la mjini utalijuaje?"

"Lina kelele."

"Hapana, lina milango miwili."

"Miwili ya nini? Abiria wamegombana?"

Mama Flora, nikisema ukweli watanitoa, na pale ndipo ninapopumulia. Nikinyamaza, babu yangu anageuzwa mchezo wa kuigiza. Na mjomba Naftali ameshaanza kuitikia marahaba hata kwangu kwa sauti ya babu. Nifanyeje?

Mama Jenipher, Sekenke

*

Mama Jenipher, marahaba. Hiyo ni ya kwangu kihalali, naomba tofauti uione.

Nimecheka mpaka watu wa ofisi ya jirani wamekuja kuuliza kuna nini. Nimemaliza kucheka, sasa tuzungumze.

Uchovu wako naujua, nimelea watano. Mtu aliyenyimwa usingizi miezi kumi hukamata furaha popote anapoikuta, na wewe umeikuta kwenye kona ya barabara, wala sikulaumu. Picha ni zako na umezipiga kwa jicho lako. Hadithi ni urithi wako. Lakini ile marahaba ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, ya pili ikawa uvivu, na hizi za kila asubuhi ni wizi, mwanangu. Umechukua heshima ya watu wazima, ukamnyang'anya na babu yako kifo chake. Tangu mwaka juzi wenzake wa kundi hawajapata hata nafasi ya kukupa pole.

Koti livuliwe leo. Mume wako mwambie hivi: utani wako naupenda ndani ya nyumba, barabarani usifike. Mjomba ale, ashibe, arudi Sepuka, au akae amshike mtoto siku ya Jumamosi, lakini bila koti.

Kisha mpigie Mzee Anselm. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti yako. Usisubiri Hana alale, utasubiri mpaka Krismasi. Anza wewe kusema shikamoo, halafu nyamaza mpaka aitikie. Akishaitikia, mambo yamerudi mahali pake, na yaliyobaki ni mepesi. Mtu akichoka maneno humpotea, basi chukua haya: "Mimi ni mjukuu wa Mzee Zefania. Babu alifariki mwaka juzi. Hadithi ni zake, picha ni zangu. Shikamoo zako nilizipokea na hazikuwa zangu, naomba unisamehe." Usiongeze habari ya meno wala ya uji. Akigomba, mwache agombe mpaka amalize, ana haki. Halafu muulize yeye kundi liambiwe vipi, na atakachosema ufanye.

Wanaweza kukutoa. Hilo lipo, sikudanganyi. Hata wakikutoa, Jumamosi nenda kwenye kona yako, mtoto mgongoni, usimame mbali na lami, upige picha zako. Kona haikupewa na kundi.

Ila piga simu kabla ya Ijumaa. Watu wasitoke Dodoma na kiti kwa ajili ya marehemu.

Mama Flora

*

MREJESHO KUTOKA SEKENKE

Mama Flora, shikamoo. Nilimpigia Alhamisi saa nne asubuhi, Hana analia, Jenipher anauliza naongea na nani. Nikaamkia, akaitikia, nikasema yale maneno yote bila kuongeza. Mzee akasema, "Kwa hiyo huyo mtoto ninayemsikia kwenye video zako ni wa kwako?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikasema huyu Zefania ana afya, mpaka leo analea!"

Akacheka, kisha akanigombeza robo saa nzima, nikasimama wima kama nipo mbele yake. Alipomaliza akaandika mwenyewe kwenye kundi. Watu watano walijitoa. Benjamin, kiongozi wa kundi, alisema kama nimedanganya umri basi hata basi huenda lilikwangua. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko zote.

Jumamosi walikuja ishirini na sita, na kiti chao wakaja nacho. Mzee Anselm hakutaka kwanza kona, alitaka kaburi. Nikampeleka, liko juu kidogo ya barabara. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo Mzee Zefania. Leo nimeamkia penyewe." Wenzake wakafuata mmoja mmoja, wakanipa pole, pole ya mwaka juzi, na nikalia kama msiba ni wa jana.

Saa tisa yakaja. Kumi, yamefuatana, taa zimewaka mchana, yanashuka taratibu, Hana kimya mgongoni. Benjamin alilala chini kabisa kwenye majani kuangalia matumbo. Alipoinuka akajipukuta, akasema, "Halikwangui." Halafu wakaniambia nibatize. Nikasema linaitwa Mjukuu. Mmoja akapiga kelele, "Lidude lote lile liitwe Mjukuu?" Mzee Anselm akamwambia, "Wewe ulikuwa wapi lilipopita la kwanza?" Basi, ni Mjukuu.

Kundini sijatolewa. Asubuhi sasa naamka nasema shikamoo kwa watu karibu mia mbili, kidole kinauma, na naona ni sawa.

Kwa kuwa wanakundi wengi wanalisoma gazeti hili, naomba uwaandikie kwamba bado nahitaji kutumiwa vitu vifuatavyo: picha ya Mzee Anselm pale kaburini, ipo kwa Benjamin, maelekezo ya kubadilisha jina kwenye wasapu lisome Mama Jenipher, lakini picha ya babu ibaki, neno kutoka kwa mwenye kile kiti kama anakirudia, maana mjomba Naftali amekikalia na anasema hakiinuki, nakala mbili za gazeti, moja ya mjomba, hasadiki kwamba ameandikwa, na saa ambayo mabasi yaliyobaki yatatoka Singida mjini, niwahi kumbeba Hana.