Visikilizio vya Kasian na Kicheko cha Pelagia

"Mwanamume mwenye wivu anampenda mkewe kuliko asiye nao." Ndivyo alivyoniandikia Bwana Melkiadi wa Kibondo juma lililopita, tena kwa wino mwekundu. Uongo! Mwenye wivu anajipenda mwenyewe, na ushahidi ni barua hii kutoka Heru Juu, ninayoichapa bila kupunguza neno.

*Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo lori linateremka Kigoma nami nimeshaomba nafasi. Mimi ni mkulima wa tumbaku, mke wangu ni Pelagia, huu ni mwaka wa kumi na moja wa ndoa na hatujawahi kupelekana kwa wazee, lakini tangu bwana afya Kasian ahamie jirani yetu na santuri yake na visikilizio vikubwa vya kufunika masikio yote mawili sina amani, kwani Jumapili baada ya misa nilimkuta Pelagia barazani kwa huyo bwana amevivaa juu ya kitambaa, Kasian kamshikia waya anamwambia, "Vikae vizuri, shemeji, usiogope," naye anacheka, mshauri, anacheka kitu ambacho mimi sikisikii, na hata nilipopiga makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu Waha, nikasema "Mwakeye" mara tatu, mke wangu wa ndoa hakuitika, mpaka jirani mmoja akasema, "Baba Josepha, leo umesalimia ukuta!" wakacheka wote, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sijamwuliza alichekea nini na chakula nakula nimempa mgongo. Sasa tumbaku imelipwa, tulikuwa tumekubaliana kuezeka bati, lakini Kigoma kuna visikilizio vya shilingi mia mbili na arobaini, vizuri kuliko vya Kasian, na hapa Kasulu kuna kile cha sikio moja cha shilingi kumi na tano ambacho Kasian akikiona atanicheka. Je, nitumie kiasi gani ili mke wangu asikanyage tena baraza la yule bwana?*

*Tharsisi, Heru Juu*

Tharsisi, pole. Kuchekwa mbele ya majirani kunauma, sitakudanganya. Pole imeisha, sasa sikiliza.

Unampigia makofi mtu aliyezibwa masikio, kisha unakasirika kwamba hakuitika! Ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ungemgusa bega. Ungesema, "Mama Josepha, nami nipe nisikie," na pengine mngecheka wawili. Badala yake umemwadhibu kwa kosa ambalo hata halijui, na mwenzio anapakua ugali akijiuliza amekosa nini.

Kasian simtetei. Mstaarabu humkaribisha mume kwanza. Mwambie hivyo mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, mchana, bila mashahidi wa kucheka.

Tuje kwenye bei. Mia mbili na arobaini ni mabati manane, na Pelagia alichuma majani na kuyatunga kwenye vijiti kama wewe. Unataka kumnunulia kufuli la masikio kwa jasho lake mwenyewe! Tena hukunieleza una chombo gani. Kasian ana santuri. Kama wewe una redio ndogo ya mkononi, ncha nene ya waya wa vile vikubwa haiingii kwenye kitundu chake. Utarudi kutoka Kigoma na kofia isiyosema neno, na hapo watakucheka mpaka Manyovu.

Nafasi yako kwenye lori mpe mwingine. Leo geuza kiti, mtazame mkeo, umwulize alichekea nini. Akisema ni muziki tu, nendeni wote Kasulu na redio yenu, mjaribu kile cha sikio moja palepale dukani. Kikikwaruza, kiacheni. Kisipokwaruza, lipeni kumi na tano, si senti zaidi, mvae kwa zamu. Zilizobaki ni bati. Na kama jibu lake litakuumiza kweli, hilo halina dawa dukani. Waiteni wasimamizi wa ndoa yenu mzungumze.

Nanyi waume wa Kasulu na Kibondo mliolipwa tumbaku mwezi huu, nawadai jambo moja: fedha hiyo isivuke mlango kabla mke hajaketi nanyi na kusema anachotaka. Mwulizeni leo. Kisha nyamazeni, asikike.