Picha za Kadi ya Mama

Mama,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji. Nikikaa tu miguu inaanza kuchezacheza, nainuka tena. Juzi nilipanda basi la kwenda kazini, kule ninakotunza wazee, nikapitiliza hadi mwisho wa njia. Dereva akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimefiwa. Akanirudisha bila kunidai nauli.

Nina habari mbili. Ya kwanza ingekufanya upige vigelegele mpaka majirani watoke nje. Kibali changu kimetoka, Mama. Wewe makaratasi yako yalikuwa sawa tangu enzi za marehemu Baba, yangu ndiyo yaliyokwama kule Croydon kwa watu wa uhamiaji wa Uingereza. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni nje ya lile jengo lao, wewe na chupa yako ya chai, mimi natetemeka, nusu kwa baridi na nusu kwa woga? Basi pasipoti imerudi, ina muhuri wa kukaa moja kwa moja. Nilipofungua bahasha nikaita, "Mama!" Nyumba kimya. Nikaitupa pasipoti chini ya kitanda nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ya pili nitakuambia, ngoja kwanza. Lazima nianzie kwenye kadi.

Kaka Joeli ndiye aliyeleta balaa lile. Alipiga simu kutoka California akasema kule serikali ya jimbo inawapa wagonjwa kadi. Daktari anaandika, mgonjwa anatoa picha, anapata bangi yake kihalali, na wenye kansa kama wewe wanasema inawarudishia hamu ya kula. Mimi nilicheka. Wewe ulikuwa na ndoo mapajani. Dawa za maumivu zilikuwa zinakulaza sawa, lakini hata uji haukukaa tumboni. Ukajifuta mdomo ukasema, "Basi na hapa ipo. Wazungu hawa wakose kadi?"

Nikakueleza kwamba hapa sheria haijaruhusu, na ile ya California ni ya watu wa California. Wee! Nani angekubishia wewe? Wewe uliyetunza kadi ya chama, kadi zetu za kliniki tangu tunaning'inizwa kwenye mzani tunalia, mpaka kadi ya duka la ushirika la wakati ule wa foleni za sukari. Morogoro nzima hakuna aliyejua kutunza kadi kama Mama Joeli. "Kadi haikosekani," ulisema. "Kadi inaombwa."

Ukavaa gauni la kitenge ulilolishonea harusi ya Joeli, likakupwaya mabegani. Ukataka wanja. Nikakusukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kibanda cha picha pale stesheni, manyunyu yanatupiga usoni, na wewe unanigombeza nisikimbie, eti watu watadhani nimekuiba. Mle ndani mwanga ukawaka mara nne na mara zote nne ukacheka. Nikakuambia picha za serikali hazichekwi. Ukasema, "Kwani nimeiba?" Tulicheka mpaka ukashika mbavu, jamani, na nikaogopa maana mbavu ndizo zilizokuwa zinakuuma.

Kisha tukazungushwa. Daktari alitupa pole, akasema mikono yake imefungwa na sheria. Kwenye duka la dawa dada mmoja alidhani ninatania. Ukasema, "Andika kwa mbunge." Nikaandika. Wakajibu kwamba kuna foleni, tutapewa siku.

Siku yenyewe haikuja, na wewe ulikuwa unaisha. Ndipo Mama Furaha wa Bukavu, mwenzako wa kwaya, alipokuja na chupa ya chai chini ya koti. Harufu ya bangi ilijaa sebule nzima. Alikumiminia kikombe, akakubembeleza kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Mama, hii njo majani ya Mungu, utaombaka ruhusa ya nani?" Ukakisukuma kikombe. "Mpaka kadi." Akarudi wiki iliyofuata, ukakisukuma tena. Ulikuwa umejikunja kama mtoto, jasho linakutoka, na kikombe kiko pale mezani kinapoa! Nilikasirika, Mama. Nilisema utakufa kwa ubishi wa kadi. Ukaniomba nikugeuze ubavu wa pili.

Na ukafa. Tukakuzika huku huku, kwenye udongo wa baridi. Hasira yangu haikuzikwa. Nilikuwa nafagia nayo, napika nayo, nawageuza wazee kitandani nayo. Nikasema mama yangu alikataa unafuu kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Siku ya arobaini Mama Furaha alibaki kunisaidia vyombo. Nikaanza kulalamika habari ya kile kikombe. Akazima bomba. Akaniuliza, kumbe Mama hakukwambia? Ulimwambia yeye, siku niliyokuwa kazini: "Faili la Tabitha liko Croydon. Polisi wakikuta majani humu ndani, mimi watanifanya nini, nami naondoka? Watamrudisha yeye."

Mama yangu weee. Nilikaa chini palepale jikoni, kwenye maji.

Ulikuwa unaumwa kwa niaba yangu! Mbona hukusema? Najua kwa nini. Ungesema, mimi mwenyewe ningekukamata pua nikakunywesha, Croydon wafanye watakalo. Ulinijua. Na ndiyo maana nilipouona ule muhuri sikuweza kuutazama. Nilijua umelipiwa na mbavu za nani.

Sasa habari ya pili. Siku ya mbunge imekuja. Barua ilikuwa na jina lako, Ijumaa, saa kumi jioni. Nilizunguka meza siku kadhaa, niende, nisiende, naenda kuombea kadi maiti? Ijumaa yenyewe nikainama chini ya kitanda, nikaitoa pasipoti, nikaipangusa vumbi. Nikaitia mkobani pamoja na picha zako.

Binti wa mapokezi akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema makaburini. Akanipitisha haraka. Mbunge ni kijana mpole, tai imemkaba. Akanipa pole ya kweli, halafu akasema sheria ndiyo hiyo, tena kwa kuwa shauri lenyewe limeshakwisha, sijui nikusaidieje. Limekwisha? Nikamweleza yote. Ndoo, kikombe, Croydon. Nilitamka bangi, Mama, kwa sauti, mbele ya mtu wa serikali, mlango wazi, na hapakuwa na wa kunirudisha popote.

Kisha nikakata picha moja nikaiweka juu ya meza yake. Nikamwambia hii ni ya kadi. Akauliza kadi gani. Nikasema ile ambayo bado hamjaitengeneza. Akaishika, na wewe unamchekea na wanja wako. Akaniuliza jina lako. Nikamtajia majina yako yote matatu, taratibu, naye akayaandika nyuma ya picha.

Hakuniahidi kitu, nisikudanganye. Nilitoka mikono mitupu na bado siwezi kukaa. Lakini Mama, picha zimebaki tatu. Kuna wakubwa zaidi yake, kuna madaktari wao, kuna huyo anayeandika sheria, popote alipo. Nitawapelekea mmoja mmoja. Uliteseka ili mimi niruhusiwe kukaa nchi hii. Haya, nimeruhusiwa. Sasa watanisikia.

Pumzika, Mama. Geukia ubavu wowote unaotaka, hakuna unaouma tena. Kusimama niachie mimi.

Mwanao,
Tabitha